MLANGO WA SHULE UKO WAZI, SASA TUFUNGUE SOMO

(Ifuatayo ni hotuba ya mwandalizi mmoja wa chama, ambaye amesomea ualimu, aliyoitoa Dodoma mbele ya wanachama, wazazi na walimu wa shule za msingi.)



Nimetakiwa niseme machache juu ya shule zetu za msingi. Kazi yangu sasa ni uandalizi wa chama, lakini kazi niliyojifunza chuoni ni ualimu, na mwalimu popote aendapo haachi kutazama watoto. Leo sitasema habari za majengo. Madarasa, madawati na vyoo vina wasemaji wengi, na wana haki ya kusema. Nataka niseme habari ya kitu ambacho mtu apitaye barabarani hawezi kukiona, nacho ni somo lenyewe. Mwalimu anapofungua kinywa chake asubuhi, je, anasema na watoto wote, au anasema na wachache tu waliokaa mbele?

Wako watoto watatu ambao ningependa tuwaweke mbele ya macho yetu tangu sasa. Wa kwanza yumo ndani ya nyumba. Haoni, au hasikii, au miguu yake haina nguvu. Wazazi wake wanaona haya, au wanamhurumia kupita kiasi, na kwa sababu hiyo wamemficha. Wa pili yuko porini na ng'ombe, wa baba yake au wa mtu mwingine. Wa tatu yumo darasani, kwenye dawati la nyuma kabisa. Jina lake limeandikwa, naye akiitwa huitikia, lakini hajui kusoma. Hunakili umbo la herufi kutoka ubaoni kama mtu achoraye nyayo za ndege. Huyu wa tatu ndiye anayetudanganya zaidi, maana katika hesabu zetu yumo. Tunapojisifu kwamba watoto wameandikishwa, yeye pia tunamhesabu.

Ndugu zangu, neno langu la leo ni moja. Kumfungulia mtoto mlango wa shule ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfungulia somo. Na somo hufunguka linapoanza na jambo ambalo kila mtoto wa mahali petu ana kitu cha kulisema.

TULIVYOFUNGUA MILANGO

Yafaa tukumbuke tulikotoka, ili asitokee mtu akasema kwamba jambo hili haliwezekani. Wakati wa ukoloni shule za nchi hii ziligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Mgawanyo huo uliondolewa kwa sheria mwanzoni mwa mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru. Mwaka 1961 watoto waliokuwa katika shule za msingi za Tanganyika walikuwa kama 490,000, na wengi wao hawakuvuka darasa la nne. Mwaka 1967 walikuwa wamefika 825,000.

Wala kazi hiyo haikungoja serikali peke yake. Kabla ya Uhuru wazazi walijiunga katika TAPA, chama chao kilichoanzishwa mwaka 1955, wakajenga madarasa kwa mikono yao. Wazee waliomo katika mkutano huu wanajua maana ya kubeba udongo na miti ili mtoto wa jirani apate mahali pa kukaa.

Mwezi wa Novemba 1974, kule Musoma, ikaamuliwa kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe na nafasi. Katika miaka michache hesabu ya watoto ikaongezeka mara mbili na zaidi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto wake shule. Baadaye ada zikarudi, zikawatoa wengi, na katika mwaka 2001 na 2002 zikafutwa tena katika shule za msingi kwa mpango ulioitwa MMEM. Mwaka 2016 elimu bila ada ilifika hadi kidato cha nne. Na mwezi wa Novemba 2021 serikali ilitoa ruhusa kwa wasichana walioacha masomo kwa sababu ya kupata mtoto warudi darasani.

Upande wa watoto wenye ulemavu, mkoa wetu wenyewe ulitangulia. Shule ya Wasioona ya Buigiri, hapa hapa kwenye barabara ya kwenda Morogoro, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Ndiyo shule ya kwanza ya wasioona katika Tanganyika. Shule ya viziwi ya Tabora ikafuata mwaka 1963. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960, shule moja ya Dar es Salaam ilianza kuwaweka pamoja watoto wanaoona na wasioona, na hata leo inaitwa Uhuru Mchanganyiko. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayosema kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya kusoma katika shule za kawaida. Serikali imetoa pia Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi, nao uliopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26 si wa kwanza.

Basi milango imefunguliwa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulifunguliwa kwa sababu watu walidai na wakafanya kazi. Lakini mgeni ukimfungulia mlango kisha usimpe kiti wala maji, je, utasema umemkaribisha?

KARANGA ZA KONGWA

Wengine watauliza: kwa nini somo lianze na mambo ya mahali petu? Kwa nini mwalimu asifuate kitabu tu?

Jibu liko Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta hapo matrekta na mafundi kwa maelfu ili walime karanga za kupata mafuta. Wataalamu wale walikuwa na vitabu vingi na ramani nyingi. Lakini mvua ya Ugogo haikusoma ramani zao. Ardhi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, majembe ya matrekta yakavunjika, karanga zikanyauka. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na fedha zilizopotea zilikuwa kama pauni milioni 36. Lakini mzee yeyote wa Kongwa alikuwa akijua kwamba mvua ya nchi hii haiaminiki, na ndiyo sababu watu walipanda mtama na uwele na kufuga ng'ombe.

Elimu isiyouliza mahali ilipo hupotea hivyo hivyo. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya kwamba shule tulizorithi zinamtenga mtoto na watu wake, zikimfundisha kudhani kwamba maarifa yote yamo katika vitabu, na kwamba baba na mama wasiojua kusoma hawana la kumfunza. Mtoto wa namna hiyo hukaa darasani kama mgeni katika nchi yake. Na kama mtoto mzima wa mwili anakuwa mgeni, je, yule asiyeona, au yule aliyekuja akijua Kigogo tu, au Kirangi, au Kisandawe?

Tena tusisahau kwamba Dodoma ya leo si ile ya zamani. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ulitolewa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 ofisi za serikali zimehamia hapa kwa wingi. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha mkoa una watu milioni 2 na kidogo. Ile ya mwaka 2022 ikaonyesha watu 3,085,625. Mtoto wa mfugaji na mtoto wa karani aliyehamia kutoka pwani huweza kukaa dawati moja. Mwalimu hawezi tena kudhani kwamba watoto wote mbele yake wanafanana.

SOMO MOJA, WATOTO WOTE

Sasa niseme jinsi inavyofanyika, maana maneno matupu hayajazi tumbo. Mwalimu huchagua jambo moja kubwa, tuliite mada, na kwa juma moja au mawili masomo yote hulizunguka. Tuseme mada ni Maji, na darasa ni la tatu.

Siku ya kwanza kila mtoto anakuja na chombo: kibuyu, dumu, debe, kikombe, hata kopo. Mwalimu anauliza: nani alichota maji leo? Wapi? Alitembea muda gani? Hapo hapo mikono inainuka ambayo haijainuka tangu mwaka uanze, maana hakuna mtoto wa nyanda hizi asiyejua taabu ya maji. Asiyejua bado Kiswahili vizuri anataja jina la chombo kwa lugha ya kwao. Mwalimu anampa neno la Kiswahili, na darasa zima linalirudia. Lugha ya nyumbani imekuwa daraja la kuvukia, wala mtoto hakuchekwa.

Mtoto asiyeona anapewa kazi ya kupima. Mwaga maji katika chupa, ndugu zangu, msikilize: kadiri chupa inavyojaa, sauti inapanda. Yeye atasema imejaa kabla ya wenye macho, nao watamwuliza umejuaje. Siku hiyo amekuwa mwalimu wao. Mtoto kiziwi anapanga vyombo kutoka kidogo hadi kikubwa, anachora kisima, na kuwafundisha wenzake alama ya maji kwa mikono. Na yule mchunga ng'ombe tuliyemtaja, kama tumefaulu kumleta, anajua visima vyote vya upande wake, kipi hukauka mwezi wa nane na kipi hakikauki. Ni nani mwenye jiografia kumshinda?

Hesabu zinatoka humo humo. Dumu moja lina lita 20. Mama amekwenda kisimani mara 3. Nyumba ina watu 6. Kila mtu anapata lita ngapi? Ni lita 10, na katika hizo kuna kupika, kunywa, kuoga na kufua. Mtoto ambaye hesabu za kugawanya zilimshinda katika kitabu anaziona zikimwagika mbele yake.

Kuandika nako ni kwa kadiri ya kila mmoja. Mmoja anaandika neno moja, maji. Mwingine anaandika sentensi tatu. Aliyetangulia anaandika barua kwa kamati ya maji ya kijiji kuhusu pampu iliyoharibika, na barua hiyo inapelekwa kweli. Asiyeona anaandika kwa nukta nundu, ikiwa mashine na mwalimu wa kazi hiyo vipo. Kazi zinatofautiana, lakini jambo ni moja, na hakuna aliyekaa bure.

Historia iko pia. Wazee wa Ugogo wanalijua jina la Mtunya, njaa ile kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920, wakati ukame ulipokutana na vita vya Wazungu, majeshi yakachukua chakula, mifugo na wapagazi. Mwite mzee darasani asimulie aliyoyasikia kwa wazazi wake, na watoto watajua kwamba njaa haitoki mbinguni peke yake. Hali ya hewa nayo iko: hapa tunapata kama milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Watoto waweke kopo nje, wapime kila mvua na kuandika. Hata muziki haukosi nafasi. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizipeleka zeze na malimba za Wagogo mpaka majukwaa ya Ulaya, na mtoto aliye mzito wa kusoma huenda ndiye mwepisi wa kushika mdundo na kuwaongoza wenzake katika wimbo wa kuhesabu.

Mwisho iko afya. Vikope ni ugonjwa wa macho ulioenea sana katika nchi kavu yenye inzi na mifugo, na ukimrudia mtu mara nyingi humpofusha. Uchunguzi uliofanywa wilayani Kongwa katika miaka ya 1980 na 1990 ulionyesha kwamba mtoto mwenye uso safi hupona vikope vikali kuliko mwenye uso mchafu. Maji yanayotosha kunawa nyuso za watoto ni machache mno. Basi somo la maji likifundishwa vizuri, baadhi ya watoto wa leo hawatapofuka watakapokuwa watu wazima. Hapo mnaona kwamba mada si mchezo. Ni hesabu, ni lugha, ni historia, na ni dawa.

KINACHOMSAIDIA MTOTO

Lakini somo zuri halitoshi likimkuta mtoto ana njaa au hasikii. Msaada kwa mwanafunzi una sehemu nyingi, na nyingi hazihitaji fedha.

Kwanza, macho na masikio. Katika wiki ya kwanza ya mwaka, mwalimu asimamishe kila mtoto hatua kadhaa kutoka ubaoni na kumwambia asome. Asimame nyuma yake na kumwita kwa sauti ya chini. Anayekunja uso, anayegeuza sikio moja, anayetokwa na usaha masikioni, hao waandikwe na wapelekwe zahanati. Watoto wangapi wameitwa wajinga, kumbe hawaoni ubao?

Pili, mahali pa kukaa. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi macho yake ni dhaifu na jua letu linamuumiza. Akae mbele, kwenye kivuli, avae kofia hata darasani, na aandikiwe kwa herufi kubwa. Haya ni mambo ya dakika tano.

Tatu, mwenzake. Kila mtoto mwenye taabu awe na rafiki wa kusoma naye, na rafiki huyo abadilishwe mara kwa mara ili isiwe mzigo wa mtu mmoja.

Nne, chakula. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri, akatembea kilomita nyingi, hawezi kujifunza saa saba mchana tumbo likiwa tupu. Debe la mtama au mahindi kutoka kila nyumba wakati wa mavuno, na kuni kwa zamu, hufanya uji wa siku nyingi.

Tano, kiboko. Nitasema wazi, walimu wenzangu wasinikasirikie. Fimbo haijamfundisha kiziwi kusikia, wala haijampa macho asiyeona. Mtoto wa dawati la nyuma akipigwa kwa kutojua, kesho atakwenda porini kwa ng'ombe, nasi tutasema ni mtoro.

MANENO YA WANAOPINGA

Najua yako maneno yanayosemwa, na si vema kuyakwepa.

Wengine husema: mtoto asiyeona apelekwe Buigiri, basi. Heshima ya Buigiri ni kubwa, na tutaendelea kuihitaji pamoja na walimu wake, kama tunavyowahitaji wale wanaofundishwa chuo cha Patandi huko Arusha. Lakini vitanda vya bweni vina hesabu yake, na watoto wa mkoa huu ni wengi kuliko vitanda. Tena mwenye macho dhaifu tu, au mguu mmoja, anahitaji dawati la mbele au njia isiyo na ngazi. Kumtenga na mama yake akiwa na miaka saba kwa sababu hiyo ni dhuluma. Shule maalumu iwe ghala la ujuzi kwa shule zote, isiwe mahali pa kuwaondolea watoto machoni petu.

Wengine husema: hao watawarudisha nyuma wenye akili. Jaribuni kumweleza mtu jambo mnalodhani mnalijua, mtaona. Mtoto anayemweleza mwenzake anajifunza mara mbili. Na anayejifunza kumngoja mwenzake anajifunza uraia.

Walimu husema: watoto ni wengi mno. Hilo ni neno la haki. Kiwango kilichowekwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na sote tunajua madarasa yaliyopita hapo kwa mbali. Chama kiendelee kudai walimu, hilo halina mjadala. Lakini darasa kubwa likifundishwa kwa sauti moja kutoka ubaoni, wanaosikia ni safu tatu za mbele. Likigawanywa makundi ya watoto wanane au kumi, kila kundi na chombo chake na kazi yake, mwalimu anapita kati yao na kuona nani amekwama. Wingi wa watoto ndiyo sababu ya kutumia njia hii.

Na wazazi husema: mtihani je? Hapa tusikilize vizuri, maana jambo hili limewahi kutushinda. Mwaka 1971 Chuo cha Ualimu cha Korogwe kilianza jaribio katika kijiji cha Kwamsisi, wilaya ya Handeni. Shule na kijiji vikafungamana, na masomo yakatokana na kazi na maisha ya watu. Lilikuwa jaribio la maana, na shule nyingine zikachaguliwa kulifuata, lakini halikuenea nchi nzima. Mtihani wa kuchagua watoto wa sekondari ulibaki vile vile, na mzazi yeyote, wa Handeni au wa Mpwapwa, huipima shule kwa majina yaliyochaguliwa. Tusiwalaumu wazazi kwa hilo. Tuwaonyeshe kwamba mtoto asiyejua kusoma hashindi mtihani wowote, na kwamba kugawanya alikokuona kwenye dumu ndiko atakakokuta kwenye karatasi. Siku hizi upepo uko upande wetu zaidi. Tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili wanatakiwa kutilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unataka mtoto aonyeshe analoweza kulitenda, si alilokariri tu. Lakini mtaala ni karatasi mpaka mwalimu aandike andalio lake la somo jioni.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Basi tufanye nini? Nitaomba mambo manne, kila mtu achukue lake.

Mabalozi wa nyumba kumi: ninyi mnajua kila mlango. Katika mwezi huu, kila balozi aandike jina la kila mtoto wa miaka mitano hadi kumi na mitatu katika nyumba zake, pamoja na yule anayefichwa na yule aliye porini. Msiandike hesabu, andikeni majina. Kisha mkae na mwalimu mkuu, mlinganishe na daftari la shule. Jina lililoko kwenu na haliko kwake ndiyo kazi ya tawi. Msiende kwa vitisho ingawa sheria iko upande wenu. Nendeni wawili, mzee mmoja na mama mmoja, mkae, mzungumze. Mzazi anayemficha mtoto mara nyingi anangoja tu mtu wa kumwambia kwamba si aibu.

Wazazi: chakula na njia. Kama mtoto wa jirani hawezi kutembea, watoto wenu wapite kwake asubuhi. Kama shule iko mbali mno kwa wadogo, tuungane kujenga shule shikizi karibu, kama wazee wetu walivyojenga madarasa ya TAPA. Na wenye ng'ombe wapange zamu, watu wazima wachunge, ili pasiwe na mtoto mmoja anayelipa kwa ujinga wake gharama za kundi zima.

Walimu: anzeni na mada moja tu muhula huu. Maji, au mtama, au mbuyu, au zabibu zetu. Kaeni pamoja walimu wa madarasa jirani, mgawane zana. Na kila mwisho wa juma mjiulize: ni mtoto gani ambaye sikumsikia sauti yake wala sikuiona kazi yake? Jumatatu mwanze naye.

Viongozi, nami nikiwamo: tunapokagua shule tusiishie kuhesabu madawati na kutia sahihi katika kitabu cha wageni. Tukae nyuma kabisa, karibu na mtoto wa mwisho, tufungue daftari lake na kumwomba atusomee. Daftari hilo litatuambia hali ya shule kuliko taarifa yote ya ofisini. Na tukiona hajui, tusimwaibishe mwalimu mbele ya watoto. Tumwulize anahitaji nini, kisha tukitafute.

Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu peke yake hawezi, mama peke yake hawezi, na serikali haiwezi kuingia kila nyumba. Lakini balozi, mzazi, mwalimu na kiongozi wakishikana, watoto wale watatu wanaweza kuwa darasani kabla mvua za mwaka huu hazijaanza, na kila mmoja akawa na la kusema.

Majina ya mabalozi wa kata hii ninayo hapa. Baada ya mkutano nitagawa madaftari, na orodha ya kwanza naisubiri mwisho wa mwezi.